Katizo la pini na rejista zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu ya hapa yanaegemea zaidi ATmega328P, chipu iliyo kwenye Arduino Uno. Ndiyo ambayo wengi wetu huanza nayo, na rejista zake, yaani vijisehemu vya kumbukumbu vinavyoongoza maunzi ya chipu, ni chache kiasi cha kuingia zote kichwani. Ukishazielewa, chipu nyingine kama STM32, RP2040 na ESP32 zinasomeka bila taabu kubwa. Nazo zimeguswa huko chini. Majina ya rejista na biti yameachwa kama yalivyo kwenye datashiti, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye msimbo.

Katizo la pini ni nini?

Volteji ya pini fulani inabadilika, na maunzi ya chipu yenyewe yanaisimamisha prosesa, yanaipeleka kwenye funksheni uliyoiandaa, kisha inaporudi inaendelea pale ilipoachia. Kinachoamua haya yote ni biti chache ndani ya rejista. Karibu kila chipu ina hatua zilezile: biti zinazosema ni badiliko gani linahesabika, bendera, yaani biti inayopanda (inayokuwa 1) badiliko hilo likitokea, swichi ya pini husika, na swichi kuu ya prosesa nzima. Hatua moja ikiwa imefungwa, funksheni yako haiitwi.

Shika zaidi habari ya bendera: nani anaipandisha, nani anaishusha, na lini. Sehemu kubwa ya matatizo ninayoletewa huishia hapo.

Kwa nini nisiisome tu pini ndani ya loop()?

loop() ni ile funksheni ya Arduino inayojirudia bila kukoma. Kwa kitufe cha kuwasha taa, isome tu humo, hutapoteza kitu. Hali inabadilika pale programu inapokuwa na shughuli nyingine.

Chukua kihisi cha mtiririko wa maji YF-S201, kile cheusi cha plastiki chenye nyaya tatu kinachofungwa kwenye bomba la nusu inchi. Kinatoa mipigo takriban 450 kwa kila lita. Maji yakipita lita 20 kwa dakika, hiyo ni mipigo 150 kwa sekunde, yaani mmoja kila baada ya milisekunde 6.7 hivi. Sasa weka kwenye loop() hiyohiyo kihisi cha joto DS18B20, ambacho kwa usahihi wa biti 12 huweza kuchukua hadi milisekunde 750 kukamilisha kipimo kimoja. Programu ikikaa inasubiri joto, mipigo zaidi ya 110 imeshapita bila kuhesabiwa. Hiyo ni robo lita kwa kila kipimo cha joto. Mtu anayelipia maji ya kisima kwa lita hatakuelewa.

Katizo halisubiri loop() imalize. Kila mpigo unaingia kwenye hesabu hata programu ikiwa imekaa kusubiri.

Kwenye ATmega328P ni rejista zipi hasa?

Kwa pini mbili zenye katizo kamili, INT0 (PD2, pini ya 2 ya Arduino) na INT1 (PD3, pini ya 3), rejista ni tatu tu pamoja na biti moja ya SREG, rejista ya hali ya prosesa.

EICRA ndiyo inayochagua aina ya badiliko. INT0 inatumia biti ISC01 na ISC00. Zikiwa 00, katizo linakuja muda wote pini iko chini. 01 ni badiliko lolote. 10 ni ukingo wa kushuka, yaani pale pini inapotoka juu kwenda chini. 11 ni ukingo wa kupanda. INT1 ina jozi yake, ISC11 na ISC10, kwa mpangilio uleule.

EIFR inashika bendera, INTF0 na INTF1. EIMSK inashika swichi za pini, INT0 na INT1. Mwisho kabisa iko biti I, biti ya 7 ya SREG, ambayo ndiyo swichi kuu. Amri sei() huiwasha na cli() huizima.

Tufuate ukingo mmoja wa kushuka. Pini inashuka, maunzi yanalinganisha na EICRA, INTF0 inakuwa 1. Prosesa inamaliza amri iliyokuwa mkononi. Ikikuta INTF0, INT0 na I zote ni 1, inasukuma anwani ya kurudia kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhi vitu kwa muda), inazima I ili katizo lingine lisiingie katikati, inashusha INTF0, na kuruka hadi anwani 0x0002 kwenye jedwali la vekta, ambako kila katizo lina mahali pake pa kurukia. Hapo kuna amri ya kuruka tena hadi kwenye funksheni yako. Funksheni ikiisha kwa RETI, amri ya kurudi kutoka kwenye katizo, anwani inatolewa kwenye staki na I inawashwa.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: INTF0 inapanda hata kama INT0 kwenye EIMSK imezimwa. Swichi huzuia katizo lisifike kwa prosesa. Haizuii bendera kupanda. Shikilia hilo, litarudi.

Niziandike kwa mpangilio gani?

Huu hapa, kwa ukingo wa kushuka kwenye INT0:

```
DDRD  &= ~(1 << DDD2);
PORTD |=  (1 << PORTD2);

cli();
EIMSK &= ~(1 << INT0);
EICRA  = (EICRA & ~((1 << ISC01) | (1 << ISC00))) | (1 << ISC01);
EIFR   = (1 << INTF0);
EIMSK |= (1 << INT0);
sei();
```

Mistari miwili ya juu inaifanya pini iwe ya kuingiza na kuwasha rezista ya ndani ya kuivuta juu. Baada ya hapo mpangilio una maana yake. Kubadilisha biti za ISC kunaweza kwenyewe kuzalisha katizo la uongo, ndiyo maana swichi ya pini inazimwa kwanza, aina inachaguliwa, bendera inafutwa, na swichi inawashwa mwishoni.

Ukiruka mstari wa EIFR, utaona jambo linalowasumbua watu hata wanapotumia attachInterrupt(), funksheni ya Arduino ya kuandaa katizo: funksheni inaitwa mara moja papo hapo, kabla kitufe hakijaguswa. Ni bendera iliyopanda zamani, ikasubiri mlango ufunguliwe.

Kwa nini bendera inafutwa kwa kuandika 1 na si 0?

Kwa sababu ya usalama wa bendera za jirani. Tuseme ingekuwa inafutwa kwa 0. Ungelazimika kuisoma rejista, kubadilisha biti moja, kisha kuirudisha. Kati ya kusoma na kurudisha, INTF1 inaweza kupanda, nawe ungeiandikia 0 uliyoisoma zamani na kuipoteza. Kwa utaratibu wa kuandika 1, biti unazoziandikia 0 hazifanywi lolote. Unaandika 1 mahali pamoja unapopataka, basi.

Ndiyo maana andika `EIFR = (1 << INTF0);` na usiandike `EIFR |= (1 << INTF0);`. Ile ya pili kwa maana yake inasoma rejista kwanza: kama INTF1 ilikuwa imepanda, inasomwa kama 1, inarudishwa kama 1, na kufutwa bila wewe kutaka. Kwenye ATmega328P kompaila huigeuza kuwa amri ya SBI, ambayo kwenye chipu hii hugusa biti moja peke yake, hivyo kosa linajificha. Ukihamisha tabia hiyo kwenda STM32, kwenye rejista yake ya bendera iitwayo EXTI_PR, itakula makatizo yako kimyakimya, na hilo ni kosa gumu sana kulinasa kwa sababu hutokea tu pini mbili zinapogongana kwa wakati.

Nichague ukingo au kiwango?

Ukingo ni pale pini inapobadilika, kiwango ni hali ya pini kukaa chini. Kwa kuhesabu mipigo, ukingo. Kwa vitufe, ukingo. Kiwango kina kazi zake mbili muhimu, na nje ya hapo kinaleta tabu.

Kwanza uone tabia yake. INT0 ikiwekwa 00, hakuna bendera inayohifadhiwa. Pini ikiwa chini, ombi lipo, ikipanda, ombi limetoweka. Mtu akishikilia kitufe, funksheni inaisha na kuitwa tena, inaisha na kuitwa tena. Kati ya mwito mmoja na mwingine prosesa hutekeleza amri moja tu ya programu kuu. Ukitazama kwa nje utasema ubao umeganda, kumbe unafanya kazi kwa bidii mahali pasipotakiwa.

Kazi ya kwanza ya kiwango ni pale vifaa kadhaa vinapotumia waya mmoja wa katizo. Kifaa cha kwanza kikivuta waya chini na cha pili kikauvuta kabla haujaachiwa, ukingo unakuwa mmoja tu. Ukitumia ukingo, cha pili kitasahaulika. Ukitumia kiwango, ombi litaendelea mpaka vyote viwili vihudumiwe.

Kazi ya pili ni kuamsha chipu iliyolala. Kwenye usingizi mzito wa ATmega328P, ule wa power-down, saa inayolisha pini, yaani mapigo yanayoendesha sehemu hiyo ya chipu, imesimama, na datashiti inasema kutambua kingo za INT0 na INT1 kunahitaji saa hiyo. Kiwango cha chini hutambuliwa bila saa. Kwa kifaa cha betri kinachokaa shambani miezi, hili ndilo linaloamua kama kitaamka. Zima katizo lenyewe ndani ya funksheni yake mara tu chipu inapoamka, la sivyo utarudi kwenye ule mwito usioisha. Na kiwango kikae chini muda wa kutosha chipu kumaliza kuamka. Kikipanda mapema mno, chipu itaamka lakini funksheni haitaitwa.

Nina vihisi vitano na INT ni mbili tu. Nifanyeje?

Tumia makatizo ya mabadiliko ya pini, PCINT. Pini zote 23 za kuingiza na kutoa zinayo, zikiwa zimegawanywa makundi matatu: PCINT0 hadi 7 kwenye bandari (kundi la pini) B, 8 hadi 14 kwenye C, 16 hadi 23 kwenye D. PCICR inawasha kundi, na PCMSK0, PCMSK1 na PCMSK2 zinachagua pini ndani ya kundi. Bendera ziko PCIFR, moja kwa kila kundi. Hata kuamsha chipu kutoka usingizini zinaweza.

Gharama yake ni kwamba huchagui ukingo, na maunzi hayakuambii ni pini ipi iliyobadilika. Yanakwambia tu kwamba kuna iliyobadilika. Kazi ya kuitafuta ni yako, ndani ya ISR, yaani funksheni ya katizo:

```
volatile uint8_t zamani;

ISR(PCINT2_vect) {
  uint8_t sasa = PIND;
  uint8_t tofauti = sasa ^ zamani;
  zamani = sasa;
  if ((tofauti & (1 << PD4)) && !(sasa & (1 << PD4))) mipigoA++;
  if ((tofauti & (1 << PD5)) && !(sasa & (1 << PD5))) mipigoB++;
}
```

Soma PIND, rejista yenye hali ya pini za bandari D, mara moja tu, mwanzoni kabisa. Ukiisoma mara mbili utapata picha mbili tofauti za bandari hiyohiyo. Na mpigo mfupi sana unaweza kuwa umeshaisha kabla hujasoma. Hapo tofauti inakuwa sifuri na mpigo umepotea. Kwa hiyo ishara ya haraka kuliko zote ipe INT0, zile za polepole ziende PCINT.

Kompaila inalalamika "multiple definition of `__vector_3'". Hiyo ni nini?

Vekta ya 3 ni PCINT0. Kuna maktaba nyingine kwenye programu yako iliyokwisha kuichukua, na mara nyingi ni SoftwareSerial, ambayo hujitwalia vekta za PCINT zote. Ukiona `__vector_1`, umeandika ISR(INT0_vect) na wakati huohuo kuna mahali umeita attachInterrupt(). Chagua moja.

Nimebonyeza kitufe mara moja, hesabu imeruka saba. Chipu ni mbovu?

Chipu ni nzima. Vipande vya chuma ndani ya kitufe vinadundadunda kabla ya kutulia. Weka osiloskopu kwenye pini, chagua milisekunde moja kwa kigawanyo, bonyeza: utaona mstari ukishuka, ukipanda, ukishuka, ukipanda tena, kwa milisekunde chache, ndipo utulie chini. ATmega328P kwa 16 MHz inakamata mpigo wowote uliozidi mzunguko mmoja wa saa, yaani nanosekunde 62.5. Kwake kila mdundo ni ukingo halali.

Kwa vifaa, rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya nanofaradi 100 zinatoa muda wa milisekunde 1, na kwa vitufe vingi hilo linatosha au linakaribia kutosha. Kwa programu, katizo la kwanza lizime INT0 kwenye EIMSK na kuandika muda. Kisha loop() iiwashe baada ya milisekunde 20. Hapa ndipo ile bendera inaporudi. Midundo yote iliyokuja wakati swichi imezimwa imeshaipandisha INTF0, na ukiwasha tu, katizo linalipuka. Futa EIFR kwanza, ndipo uwashe.

Kama waya ni mrefu na unapita karibu na pampu, usitegemee rezista ya ndani. Iko kati ya kilo-omu 20 na 50, ni dhaifu mno kwa kelele za mota. Weka ya nje ya kilo-omu 4.7.

Kuna haja gani ya "volatile"?

Kompaila haioni mahali popote panapoiita funksheni ya katizo, hivyo inadhani kigeu chako hakibadiliki na inaweza kushikilia thamani ya zamani. `volatile` inailazimisha isome kumbukumbu kila mara.

Lakini haitoshi. ATmega328P inasoma baiti moja moja. Tuseme hesabu ya biti 16 iko 255, yaani 0x00FF. Programu kuu inasoma baiti ya chini, 0xFF. Katizo linaingia, hesabu inakuwa 0x0100. Programu inarudi na kusoma baiti ya juu, 0x01. Umepata 0x01FF, yaani 511, namba ambayo haijawahi kuwepo. Nakili ukiwa umefunga mlango:

```
uint8_t hali = SREG;
cli();
nakala = mipigo;
SREG = hali;
```

Kuirudisha SREG ni bora kuliko kuita sei(), kwa sababu huenda makatizo yalikuwa yamezimwa kwa makusudi kabla hujafika hapo.

Katizo linachukua muda gani kuanza?

Kwenye ATmega328P, angalau mizunguko 4, yaani nanosekunde 250 kwa 16 MHz, kisha mitatu ya kuruka kutoka kwenye vekta, kisha muda wa kuhifadhi rejista zitakazotumika. attachInterrupt() huongeza makumi ya mizunguko juu yake kwa sababu hupitia kielekezi cha funksheni. Cortex-M3, prosesa iliyo ndani ya STM32F103, hutumia mizunguko 12 kama kumbukumbu haicheleweshi, na ndani ya muda huo maunzi yameshahifadhi rejista nane kwenye staki.

Mpigo ukija wakati funksheni ya katizo bado inaendelea?

Bendera ilishushwa prosesa ilipoingia, kwa hiyo inapanda tena na mpigo huo unahudumiwa baadaye. Ikija mitatu, unahudumiwa mmoja. Bendera ni biti moja, haihesabu. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuambiwa funksheni iwe fupi. Usiweke delay() humo, na usichapishe kwa Serial, ambayo yenyewe inahitaji makatizo yaliyofungwa wakati huo.

Kwenye STM32F103, kwa nini PA3 na PB3 hazifanyi kazi pamoja?

Kwa sababu zinagombea mstari mmoja wa katizo la pini, EXTI3. Pini zote zenye namba 3, za bandari yoyote, zinaingia kwenye kichagua-njia kimoja kinachoongozwa na biti nne ndani ya AFIO_EXTICR1, na kinapitisha bandari moja tu. Hamisha waya mmoja kwenda PB4. Hili uliangalie kabla ya kuchora ubao, maana baada ya hapo dawa yake ni kukwangua njia ya shaba.

Mengine yanafanana na uliyokwisha kuyaona: EXTI_RTSR na EXTI_FTSR zinachagua ukingo wa kupanda na wa kushuka, EXTI_IMR ni swichi, EXTI_PR ni bendera. Inaongezeka NVIC, kidhibiti cha makatizo cha prosesa, yenye swichi na vipaumbele vyake, ngazi 16 kwenye familia hii. Mstari 0 hadi 4 kila mmoja una vekta yake. 5 hadi 9 zinashirikiana moja, na 10 hadi 15 nyingine. Usisahau kuwasha saa ya AFIO, sehemu yenye hizo rejista za EXTICR, kwenye RCC_APB2ENR. Bila hiyo, unachokiandika kwenye EXTICR hakishiki na wala huoni kosa lolote.

STM32 inaita funksheni mara mbili kwa ukingo mmoja. Kwa nini?

Tofauti na AVR, familia ya ATmega328P, hapa maunzi hayashushi EXTI_PR. Ni jukumu lako. Usiposhusha kabisa, funksheni inaitwa bila kikomo. Ukishusha kwenye mstari wa mwisho, maandishi yako yanapita kwenye basi la polepole kuliko prosesa, na prosesa inaweza kuwa imeshatoka kabla hayajafika. NVIC inaona ombi bado lipo, inakurudisha. Shusha bendera mwanzoni mwa funksheni, tatizo linaisha.

Na RP2040 na ESP32?

RP2040 inaipa kila pini biti nne: kiwango cha chini, kiwango cha juu, ukingo wa kushuka, ukingo wa kupanda. Pini nane zinajaza rejista moja ya biti 32, ndiyo maana ziko INTR0 hadi INTR3 kwa pini 30. Za kingo unazifuta kwa kuandika 1. Za kiwango zinashuka zenyewe pini ikibadilika.

ESP32 ina rejista mahsusi ya kufutia, GPIO_STATUS_W1TC_REG, na funksheni ya katizo hupewa alama IRAM_ATTR ili ikae kwenye kumbukumbu ya ndani, kwa kuwa flashi haisomeki wakati inaandikwa. Pini 34 hadi 39 hazina rezista ya kuvuta juu, na GPIO36 na 39 zinaweza kuvutwa chini kwa takriban nanosekunde 80 baadhi ya sehemu za ndani zinapowashwa. Epuka hizo mbili kwa makatizo.

Ubao unajianza upya kila katizo linapokuja.

Umewasha swichi ya katizo ambalo halina funksheni. avr-libc, maktaba ya C ya AVR, hupeleka vekta zote zisizo na mwenyewe kwenye `__bad_interrupt`, nayo inaruka hadi anwani 0. Mara nyingi ni jina la vekta lililokosewa herufi. Soma maonyo ya kompaila, huwa limetajwa humo.

Hakuna kinachotokea kabisa. Nianzie wapi?

Anza kwenye bendera. Zima INT0 kwenye EIMSK ukiwa umechagua ukingo, futa EIFR, bonyeza kitufe, kisha chapisha EIFR kutoka kwenye loop(). Kama INTF0 ni 1, waya, pini na EICRA viko sawa. Tatizo liko kwenye EIMSK, kwenye I, au kwenye jina la ISR. Kama ni 0, acha msimbo kabisa na uchukue multimita: ishara haifiki kwenye pini, au inafika ikiwa na volteji isiyotosha.

Pini ikiwa ya kutoa, katizo linafanya kazi?

Ndiyo, kwenye ATmega328P linafanya kazi. Ukiibadilisha pini hiyo kwa PORTD ndani ya programu, bendera inapanda kama kawaida. Ni njia nzuri ya kuijaribu funksheni yako kabla hujaunganisha waya wowote, mradi tu kusiwe na kitufe au kihisi kinachoivuta pini hiyohiyo upande mwingine.